Gauni Alilolidai Mzee Valerian

Nitawaeleza habari za Evodia, fundi wa magauni makuukuu pale Mkata, lakini itabidi mnivumilie, kwa sababu habari zake haziwezi kuelezwa bila kumtaja baba yake, na mimi nikimtaja baba yake mdomo unanichachuka. Kuna wanaume wanaokuudhi ukiwa nao. Mzee Valerian anakuudhi hata yeye akiwa Mazinde na wewe ukiwa Mkata, na katikati yenu pana Segera, Korogwe na Mombo.

Mimi ni Mwaija, Mzigua wa Misima, mama yake Zaidi. Nashona sare za shule. Baraza nimepanga pamoja na Evodia: cherehani yangu iko upande wa barabarani, yake iko upande wa ukutani, karibu na mlango wa nyuma. Hakupenda mwenyewe kukaa huko gizani. Wateja wake ndio hawapendi kuonekana.

Kazi yake ni hii. Siku ya mnada, wauza mitumba wakishafungua mabelo yao, mashati yanakwenda, suruali zinakwenda, mashuka yanagombewa, halafu chini kabisa yanabaki yale magauni marefu ya sherehe za Ulaya: satini tupu, lesi tupu, mgongo wazi, kifua wazi, mkia wa kuburuza. Nani atapalilia mahindi nayo? Wauzaji huyatupa pembeni, wengine hufutia mikono baada ya kula mihogo. Evodia huyaokota hayo hayo. Anayafumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja, anayafua, anayapiga pasi ya mkaa. Penye doa anapandikiza ua la lesi. Mkia anaukata unakuwa mikono, bitana inakuwa mtandio, na lile gauni lililokuja halina haya linatoka pale gauni la maulidi la binti wa madrasa, lenye heshima zake zote. Wapambe wa harusi, watoto wa komunyo, mabibi harusi wa sendofu, wote anawavika yeye.

Na wote wanamkana! Hapo ndipo watu wa Mkata wanaponichefua. Yupo Mwantumu, mke wa mwenye duka la mabati. Huja kwa mlango wa nyuma, gauni amelificha ndani ya mfuko wa saruji, sauti ameishusha: "Evodia mdogo wangu, niachie kidogo hapa kiunoni." Kesho yake ukimkuta kwenye sherehe, ameketi meza ya mbele, shingo ameinyoosha, anawaambia watu, "Hili nimeletewa kutoka Dar, dukani kabisa." Dukani! Gauni nimeliona mimi kwa macho yangu likiwa na doa la mvinyo kifuani, sijui mzungu gani alijimwagia. Halafu huyo huyo akimwona mwenzake amerudia gauni la harusi iliyopita, anabetua mdomo mpaka unagusa pua. Hebu nipisheni mie.

Evodia huwa hakasiriki. "Waache, Mama Zaidi. Si wanarudi?" ndilo jibu lake, na cherehani inaendelea.

Ni mwanamke mrefu, mkavu, hana maneno mengi. Hakuolewa. Akiulizwa husema amewaona wanaooa. Siku moja nilimwuliza kwa nini anajitesa na makuukuu ya watu, wakati angeweza kushona sare kama mimi, kitambaa kipya, mkato mmoja, mteja anakuja mchana kweupe. Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake, akanieleza. Ndipo nilipoanza kumchukia baba yake, kabla hata sijamtia machoni.

Wao ni watu wa mkonge. Babu yake Evodia aliletwa na manamba kutoka Songea, akafia kambini huko Mazinde, na kina Valerian wakazaliwa humo humo, kwenye nyumba za mstari, mashamba yamewazunguka pande zote. Valerian alipanda akawa nyapara. Cheo hicho kilimwingia kichwani na mpaka leo hakijatoka, ingawa shamba lenyewe aliloliamrisha siku hizi wanachungia mbuzi. Alimchukua Efrazia, binti wa kambi ya pili, wakakaa. Wakamzaa Evodia, na wengine waliowazika wakiwa wadogo. Ndoa ya kanisani hawakufunga. Bado kidogo, alisema Valerian.

Mimi si wa dini yao, kwa hiyo nasema nilivyoelezwa. Kwao, mwanamke anayeishi na mwanaume bila ndoa ya kanisani, komunyo haipati. Anasali, anafagia kanisa, anachota maji ya maua, lakini wenzake wakisimama kwenda mbele kupokea, yeye anabaki amekaa. Bibi Efrazia alikuwa na benchi lake, la mwisho kabisa, karibu na mlango. Kila Jumapili saa ya kupokea ikifika, anakunja magoti yake upande ili wenzake wapite. Wanapita, wanarudi, anakunja tena. Ujana wake wote, uzee wake wote, anakunja magoti.

Na kwa nini hawakufunga ndoa? Sikilizeni maneno ya nyapara. "Siku nikipata gauni linalomfaa mama yenu, nitampeleka altareni. Mke wa Valerian hawezi kwenda mbele ya Mungu na kanga, kama anakwenda kisimani."

Lo! Na watu wakampenda kwa hilo! Wanaume wenzake wakasema huyu anajua kumthamini mwanamke. Wanawake wakawaambia waume zao, mnamwona Valerian? Ebo, kanga hiyo hiyo mbona haikumzuia kula ugali aliopikiwa na aliyeivaa? Mbona haikumzuia kumjaza mimba? Kanga ilikuwa mbaya siku za kwenda kanisani tu. Mwanaume suruali yule, na suruali yenyewe mkewe ndiye aliyekuwa akiifua.

Evodia alipopata komunyo ya kwanza, akiwa kasichana, alirudi kutoka mbele na mikono yake imefumbwa kifuani kama walivyofundishwa, akamkuta mama yake amekunja magoti kumpisha. Mtoto wake mwenyewe, anampisha. Akamwuliza wakiwa nyumbani, "Mama, wewe lini?" Mama akamjibu, "Baba yako akipata gauni."

Basi mtoto ukimwambia kinachokosekana ni gauni, atafanya nini? Evodia akajifunza kushona. Alikwenda kwa masista, akafagia uwanja wao, akafundishwa. Alipokuwa binti mkubwa akaokota gauni jeupe kwenye mitumba ya Mombo, akalishughulikia, akalipeleka kwa baba yake amelikunja kwenye shuka safi.

Mzee akalitazama. Akasema, "Hii ni kafa Ulaya. Mke wangu mimi avae nguo ya maiti wa kizungu?"

Amevaa nini yeye wakati anasema hivyo? Koti! Koti la bluu lenye vifungo vya shaba, ambalo kila mtu kambini anajua lilitoka kwenye belo kama hilo hilo. Koti la maiti kwake halina neno. Gauni la mkewe ndilo lina neno.

Evodia hakubishana. Gauni akampa binti wa jirani, akaolewa nalo. Akalirudisha, akaolewa nalo mwingine. Likazunguka kambi mpaka likachakaa, na kila aliyelivaa alikwenda mbele akapokea, na kila mmoja wao alipita pale benchi la mwisho, na Bibi Efrazia akakunja magoti kumpisha. Evodia akashindwa kutazama. Akabeba cherehani yake akaja Mkata, kwenye mnada mkubwa wenye mabelo mengi, na tangu hapo kila gauni jeupe lililopita mikononi mwake alilipima kwanza kwa macho: hili litamfunga mdomo Baba, au halitamfunga?

Mwaka jana paroko mpya wa huko kwao akatangaza ndoa za pamoja. Alisema wazee wote wanaoishi bila ndoa waje siku moja, hakuna mchango, hakuna keki, hakuna kamati, njooni kama mlivyo. Bibi Efrazia akampigia simu mwanawe. Simu ilikuwa kwenye sauti ya juu, kwa hiyo niliyasikia yote na sioni haya kusema nilisikiliza.

"Mwanangu," alisema, "magoti yananiuma. Siku hizi kukunja siwezi vizuri. Nataka nipokee, hata mara moja, kabla hamjaniweka chini."

"Na Baba anasemaje?"

"Anasema, kama tulivyo maana yake nini? Anasema gauni liko wapi."

Evodia alizima simu, akarudi kwenye cherehani yake. Mimi sikukaa kimya. Nilisema maneno ambayo mwanamke aliyetia udhu hapaswi kuyasema, ikabidi nikatawadhe tena.

Gauni lilipatikana mnada uliofuata, chini ya belo, limeviringishwa na mapazia. Satini nzito, si ile inayolia kama karatasi. Pindo lilikuwa na tope lililokauka, zipu imekufa, mgongo wazi mpaka kiunoni. Evodia alilishika kwa mikono miwili, bei hakuiuliza mara ya pili. Safari hii hakurekebisha. Alilifumua lote, likarudi kuwa vipande. Akafua kila kipande peke yake. Kisha akageuza kitambaa, upande wa ndani ambao haukuwahi kuonekana na jua ukaja nje, akakata upya na kushona upya kama kimetoka dukani. Shingo akaipandisha, mikono akaishusha mpaka kwenye viganja, mgongo akauziba na satini ya mkia, vifungo vidogo vidogo kama mbegu za mpapai kutoka juu mpaka chini.

"Asije akasema la maiti," aliniambia. "Maiti hakuwahi kuvaa upande huu."

Tatizo mama yake yuko Mazinde, na yeye alitaka kulipima. Akanitazama mimi. Bibi Efrazia na mimi tumelingana: wafupi, mabega yameteremka, na nyuma Mungu hakutunyima. Basi mimi Mwaija, mjukuu wa mwalimu wa madrasa, nikasimama barazani pale Mkata nimevaa gauni la harusi ya kanisani, mabasi yanapita. Makonda wakatoa vichwa madirishani. "Bi mkubwa, umechelewa wapi siku zote?" Kizigua kikanitoka, kile ambacho bibi yangu alikuwa anawatukania nyani shambani. Evodia alicheka mpaka akajichoma pini. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo.

Tukalipeleka Mazinde pamoja. Mzee Valerian tulimkuta ameketi kwenye kiti chake chenye mikono, mkewe chini mkekani anachambua maharage. Nikasema "Shikamoo mzee," na ile marahaba yake aliitoa puani, kama ananigawia posho. Kulikuwa na watu wa jumuiya wamekuja kusali, na katekista wao, Deogratius, mtu mpole. Evodia akalikunjua gauni mbele ya wote.

Mzee alilikagua. Jamani, nimeona watu wakikagua ng'ombe mnadani kwa adabu zaidi. Alivuta mishono. Aligeuza pindo. Aliingiza pua yake kwapani mwa gauni, akanusa, mbele za watu! Bibi Efrazia alikuwa ameacha maharage, mikono imetulia, anamtazama usoni kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Kijasho kilimtoka yule mama. Na mzee aliendelea kunusa.

Hakupata kitu. Mlango wa kutokea ukawa umezibwa, na waliouziba ni majirani zake kumi na katekista.

"Aa, sawa," alisema mwishowe. "Limekaa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Deogratius akasema, "Basi mzee, Jumamosi." Bibi Efrazia hakupiga kelele. Alilichukua gauni, akaingia nalo ndani, na alipotoka macho yalikuwa mekundu. Nilidhani yamekwisha. Hata mimi, na ubaya wangu wa moyo, nilimtakia yule mzee heri kidogo.

Siku hiyo ya Jumamosi palikuwa na wanandoa wazee wengi, wengine wamekuja na wajukuu mgongoni. Walivaa walichonacho: vitenge, kanga mpya, mmoja amevaa sare ya kwaya. Hakuna aliyechekwa. Bibi Efrazia aliingia na gauni lake, kichwani shela fupi ambayo Evodia aliikata kutoka kwenye bitana, miguuni ndala nyeupe kwa sababu viatu vinambana, na nawaambieni ukweli, alipendeza kweli kweli. Alitembea polepole. Alipita benchi lake la mlangoni hakulitazama. Mzee Valerian pembeni yake na koti la vifungo, kifua mbele, anawapungia watu mkono kana kwamba harusi yote ni yake na wengine ni wasindikizaji.

Zamu yao ikafika. Padre akasimama mbele yao. "Valerian, umekuja hapa kufunga ndoa na Efrazia kwa hiari yako, bila kushurutishwa na mtu?"

Mzee akageuka. Hakumtazama padre, akatazama watu. Akasema kwa ile sauti ya unyapara, ya kuita majina asubuhi: "Mtu hajanishurutisha, Padre. Nimeshurutishwa na gauni!"

Kanisa likacheka. Lilicheka vizuri tu, kicheko cha harusi, watu hawakuwa na ubaya. Kama angenyamaza hapo, leo ningekuwa nawaeleza habari nyingine. Lakini yeye akishachekewa kidogo, hujiona ni shujaa. Akaongeza, na kidole anamnyooshea Evodia: "Miaka yote nilisema gauni, nikijua hawalipati ng'o. Huyu mtoto kanibana. Sababu zimeniishia!"

Wakacheka tena, ila wachache. Padre hakucheka kabisa. "Mzee, jibu swali."

"Ndiyo, Padre. Kwa hiari, kwa hiari."

"Na wewe, Efrazia? Umekuja kwa hiari yako?"

Bibi Efrazia alikuwa anatazama mikono ya gauni lake, pale inapoishia kwenye viganja. Mtoto wa mtu akalia huko nyuma. Kisha akainua uso.

"Nilikuja kwa hiari, Padre. Nimekuja nayo mpaka hapa. Sasa imekwisha."

"Imekwisha vipi, mama?"

"Sitaki."

Haki ya Mungu, nilisikia mbayuwayu kwenye kenchi. Mzee Valerian alitabasamu kwanza, akidhani ni zamu ya mkewe kuchekesha watu. Halafu tabasamu likamkwama. "Mama Evodia," alinong'ona, na kanisa zima likasikia, "acha mchezo. Watu wanatutazama."

"Mimi wamenitazama siku zote," alisema. "Pale." Akaonyesha benchi la mlangoni.

Akamwinamia padre kidogo kwa heshima, akashika gauni lake lisiburuze, akarudi njia ile ile aliyokuja nayo. Akakaa kwenye benchi lake. Padre alisimama, akafuta uso, akaenda kwa wanandoa wengine, na yule mzee akabaki mbele peke yake na koti lake, hajui akae wapi. Nilitaka kupiga kigelegele kikafike Mombo. Nikakumbuka mimi ni mgeni humo, nikaking'ata.

Ibada ilipokwisha alituambia, "Twendeni." Hakupita nyumbani hata kuchukua sufuria. Tukapanda basi la kurudi Mkata, yeye amevaa vile vile, satini imejaa kiti kizima. Konda akaja na maneno yake: "Bibi harusi, bwana harusi tumemwacha wapi?"

"Amebaki na sababu zake," alisema Bibi Efrazia, akalala mpaka Segera.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mpaka leo linanitia hasira. Juma lililofuata Evodia alimpeleka mama yake kwa padre wa huku kwetu, kwenda kuuliza kama bado kuna njia. Walitegemea kuambiwa hakuna. Padre akawauliza, huyo mwanaume mnaishi wote? Hapana. Utarudi kwake? Hapana. Basi, akasema, njoo kwenye kitubio, halafu Jumapili upokee.

"Hivyo tu?" Evodia aliuliza.

"Hivyo tu."

Evodia alirudi barazani, akakaa kwenye cherehani yake, mguu kwenye pedali lakini hakukanyaga. Mbele yake palikuwa na gauni la Mwantumu, linasubiri kuachiwa kiuno kwa mara nyingine.

"Mama Zaidi," aliniambia, "mimi nimefumua magauni ya dunia nzima. Kumbe ningemtafutia chumba tu."

Akalia. Evodia huyo ambaye hajawahi kulia mbele yangu, alilia akiwa na futi shingoni. Nikasogeza kiti changu karibu yake, nikamshika, nikamtukana baba yake kwa lugha zote ninazozijua. Nini kingine ningefanya? Msichana alipewa uongo akiwa mtoto, akaufanyia kazi mpaka mvi zikamtoka. Mimi najua watu waliokula fedha za vikundi, najua waliouza shamba la yatima, na bado nasema yule mzee amewapita.

Mama yake ndiye aliyemnyamazisha. Alitoka ndani na gauni mkononi, limekunjwa. "Likate," alisema. "Nifanyie la Jumapili, fupi, lisiniangushe ngazini. Litakalobaki washonee watoto wa komunyo."

"Mama, nilikate hili?"

"Mwanangu, hili ndilo la kukata."

Likakatwa. Kitambaa nilikishika mimi upande mmoja, Evodia akapitisha mkasi. Jumapili hiyo nilikwenda kusimama nje ya dirisha la kanisa lao, na mtandio wangu, waliotaka kunishangaa wakanishangaa. Wakati ulipofika watu wakasimama. Bibi Efrazia akabaki amekaa, magoti ameanza kuyakunja, mazoea hayo. Evodia akamgusa bega. Akasimama, akaingia kwenye mstari na kigauni chake cheupe, akaenda mbele, akafungua mdomo wake, akapewa. Aliporudi, aliyekuwa amekaa akampisha.

Mzee Valerian alivumilia mpaka baada ya mavuno. Nadhani alichoka kufua koti mwenyewe. Siku hiyo niliona mtu anashuka kwenye basi, kifungo kimoja cha shaba hakipo, viatu vimekakamaa tope. Akaja barazani. Alisimama upande wangu, wa barabarani, akaniamkia yeye kwanza, na hilo peke yake lilinitosha mwaka mzima.

Evodia akasimama. "Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

Akazungukazunguka na maneno, mvua, mahindi, mbuzi wa jirani. Kisha akakohoa. "Nimefikiri. Nimekuja tumalize lile jambo. Nimeongea na katekista. Nitamwoa." Akatazama ukutani, kule ambako magauni ya wateja hutundikwa. "Lile gauni lipo?"

"Nimelikata, Baba."

"Lote?"

Evodia akamwonyesha. Juu ya meza palikuwa na vigauni vitatu vyeupe vya watoto wa komunyo, vya kiuno cha mkono mmoja, vinasubiri vifungo. Mzee akakishika kimoja, akakipima kwa macho, akakirudisha. Na mtajua ni mtu wa namna gani kwa alichosema, mbele yangu, macho makavu:

"Sasa nitamwoaje bila gauni?"

Mimi nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu yapatayo gunia. Lakini Bibi Efrazia alikuwa amekwisha tokeza mlangoni, amefunga kanga kiunoni, mikono ina unga. Kule Mazinde mzee alikuwa na kikombe chake mwenyewe cha bati, cheusi kwa chai, nilikiona, hakikuoshwa pamoja na vyombo vya watu wengine. Humu hakuna kikombe hicho. Alirudi ndani, akatoka na maji kwenye glasi, glasi juu ya kisahani kama wapewavyo wageni, akampa kwa mikono miwili.

"Karibu, Mzee Valerian," alisema. "Za huko mtokako?"